Kunguni kwa bedsita na landilodi amekatalia dipoziti: fanya haya kabla mwezi uishe

Dada mmoja wa mtaa wa Zimmerman, Nairobi, ameniandikia, nafupisha. Amekaa bedsita miezi nane, renti 12,000, dipoziti 12,000 na 2,000 ingine ya maji. Wiki ya tatu baada ya kuhamia akaanza kuumwa usiku, akamwambia keateka kwa mdomo, halafu akatuma WhatsApp kwa landilodi mwenyewe na jibu likawa "hao umekuja nao." Amepuliza dawa mara mbili kwa pesa yake, 3,000 kila mara, wanapotea wiki mbili hivi wanarudi. Jirani wa ukuta kwa ukuta pia anao. Sasa ametoa notisi ya mwezi mmoja na landilodi amemwambia dipoziti asahau, itaenda kwa dawa na rangi. Anauliza pesa yake ataipata aje, na kama anaweza tu kukataa kulipa renti ya mwezi huu "akalie" dipoziti.

Dada, pole sana. Kulala na taa imewashwa miezi saba na zaidi si maisha, na kuambiwa wewe ndiye mchafu juu ya hiyo inauma zaidi ya kuumwa kwenyewe. Kunguni hawana uhusiano na uchafu wa mtu, wanafuata damu na joto la mwili, wako kwa nyumba za bei mbaya na za bei ya chini. Hilo la kuitwa mchafu liweke kando, usilibebe.

Nianze na renti ya mwezi huu juu ndiyo ina haraka. Usiache kulipa kimyakimya. Najua watu wengi sana Nairobi hutoka nyumba hivyo na wengi haiwafanyi kitu, lakini wewe tayari uko kwa ugomvi na huyu mtu, na ukikosa kulipa unamgeuza yeye kuwa ndiye anadai na wewe ndiye mwenye deni. Deni la renti lina sheria yake, Sura ya 293, inamruhusu atume okshonia mwenye leseni ashike vitu vyako. Kisha agrimenti nyingi zimeandikwa wazi kwamba dipoziti haitahesabiwa kama renti, hebu toa yako uisome vizuri leo kabla ulale, na ukiwa hapo angalia pia notisi ni ya muda gani na wanasema nini kuhusu rangi.

Badala ya kukalia, mwombe kwa maandishi. Mtumie kitu kama hiki: "Habari za leo. Nimetoa notisi na natoka mwisho wa mwezi. Naomba dipoziti yangu ya 12,000 ihesabiwe kuwa renti ya mwezi huu, ili tusidaiane. Ukikubali nijibu hapa. Kama hukubali, nitalipa renti kama kawaida na nitatarajia dipoziti irudishwe siku nitakapokabidhi funguo." Akisema sawa, skrinshoti, umemaliza, inabaki ile 2,000 ya maji. Landilodi wengi hukubali hii kwa sababu inawaondolea kazi ya kutafuta pesa mfukoni, dipoziti yenyewe ilishatumika zamani. Akikataa, lipa, na ulipe kwa M-Pesa ama benki, isiwe pesa taslimu kwa mkono wa keateka. Uchungu naujua, lakini renti iliyolipwa mpaka siku ya mwisho ndiyo itakuokoa ukifika mbele ya mtu wa kuamua.

Sasa kwa kunguni wenyewe. Landilodi anataka mbishane nani alileta, kwa sababu hilo ni swali ambalo huwa halina mwisho, yeye anasema wewe, wewe unasema yeye, mwezi unaisha. Usimfuate huko kwa maneno. Swali lenye nguvu ni hili: alipoambiwa, alifanya nini? Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inaweka ahadi ndani ya kila mkataba wa kupangisha hata kama hazikuandikwa, na moja yake ni kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kuishi siku unaingia na ibaki hivyo muda wote umepanga. Ingine inasema kama umepanga sehemu tu ya jengo, yeye ndiye wa kutunza paa, kuta kubwa, mifereji, korido na sehemu zote za pamoja. Na mkataba haina lazima uwe wa karatasi, wa mdomo wa mwezi kwa mwezi pia ni mkataba. Kwa hivyo wewe unamwonyesha tarehe uliyomwambia, unamwonyesha jibu lake, unamwonyesha kwamba hakutuma hata mtu wa kuangalia. Hiyo peke yake ni kesi.

Ila kama bado unataka kuonyesha walikuwa ndani kabla yako, inawezekana, na hapa ndipo watu hukosa kuangalia vizuri. Yai la kunguni huchukua karibu wiki moja hadi mbili kuanguliwa, halafu yule mdogo anabadilisha ngozi mara tano na kila mara lazima anyonye damu kwanza, kwa hivyo kutoka yai mpaka mkubwa ni zaidi ya mwezi mara nyingi. Sasa wewe ulianza kuumwa wiki ya tatu. Kama siku hizo uliona wakubwa, wadogo, ngozi zilizovuliwa na vidoti vyeusi vilivyokauka vyote kwa pamoja, hao hawakuzaliwa kwa wiki tatu. Bila shaka atasema walikuja wakubwa tayari kwa kitanda chako, ni kweli inaweza kuwa hivyo, kwa hivyo angalia mahali. Fungua kifuniko cha soketi (zima umeme kwa meni switchi kwanza tafadhali), tazama nyuma ya kabati la ukutani, kwenye nyufa za fremu ya mlango, kwenye kona za silingi, chini ya ule ubao unaozunguka ukuta. Vidoti vyeusi vingi na ngozi kuukuu huko mbali na kitanda vinaongea kuhusu nyumba, si kuhusu godoro lako. Na kuna kitu kingine, kwa nyumba zilizopakwa rangi haraka haraka mpangaji mpya akiingia, utakuta madoa na hata kunguni wenyewe wamefunikwa na rangi ndani ya ufa. Ukipata hiyo, piga picha karibu na tena ukiwa mbali ili ionekane ni ukuta gani, usiikwangue.

Jirani wako ni shahidi muhimu kuliko unavyofikiria. Kunguni wanapita kwa nyufa, kwa mabomba ya nyaya za umeme, chini ya mlango, na ukipuliza bedsita moja peke yake wengine wanahamia kwa jirani wanasubiri dawa iishe nguvu, ndiyo maana dawa zako zote mbili hazikushika. Pia dawa nyingi haziui mayai, lazima irudiwe baada ya wiki mbili hivi ili kuwapata wale walioanguliwa, na kunguni wa siku hizi wengi wamezoea hizi dawa za kawaida za dukani. Hii yote inamaanisha suluhisho halikuwa mikononi mwako hata ungetaka vipi, ilihitajika mtu mwenye mamlaka ya kufungua nyumba zote za hiyo floo, na huyo ni landilodi. Mwombe jirani aandike mistari mitano tu, ameona nini, tangu lini, alimwambia nani, aweke jina na sahihi. Na jaribu kumtafuta aliyekaa hapo kabla yako, majirani wa zamani wa ploti humjua, ama bado yuko kwa grupu ya WhatsApp. Akikubali kusema alitoka kwa sababu hiyo hiyo, landilodi ataanza kuongea kwa upole.

Hapa niwe mkweli na wewe: kama ulihamia na kochi ama godoro la mitumba, ama nyumba uliyotoka ilikuwa nao, usidanganye. Usilitangaze, lakini ukiulizwa mbele ya mwamuzi sema ukweli, kisha rudi kwa hoja yako, kwamba hata kama chanzo hakijulikani jengo lina kunguni nyumba zaidi ya moja na mwenye jengo aliarifiwa akakaa.

Kitu ambacho ningekusukuma ufanye wiki hii, tena watu huwa hawaijui, ni kwenda ofisi ya afya ya umma ya kaunti, kaunti ndogo ya Roysambu ndiyo ya Zimmerman. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 118, inahesabu nyumba iliyojaa wadudu mpaka ikawa hatari kwa afya kuwa ni kero ya kisheria, na afisa akiridhika anaweza kumwandikia mwenye jengo notisi aiondoe. Nenda na barua fupi, nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Ukiweza kuwaleta waje waone kabla hujahama ni vizuri zaidi, lakini hata wakichelewa, ile nakala yenye muhuri inaonyesha ulilalamika ukiwa bado ndani, hukuibuni siku ya kudai pesa. Nimeona kesi nyingi zikibadilika kwa hiyo karatasi moja tu.

Kuhusu makato anayotaka kufanya. Dipoziti ni pesa yako ambayo amekushikia, haijawahi kuwa yake, anaweza kukata tu kile kilichoharibiwa na wewe ama deni lako. Kuta kuchakaa kidogo kwa kukaa ndani miezi nane si uharibifu, hiyo sheria ya ardhi yenyewe inasema mpangaji arudishe nyumba ilivyokuwa isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kama agrimenti inasema utapaka rangi ukitoka, basi hilo umejifunga nalo, lakini tafuta fundi wako mwenyewe, rangi ile ile, bedsita ni kazi ya siku moja, na itakuwa bei nafuu kuliko ya fundi wa landilodi. Weka risiti ya rangi na picha. Ya kupuliza dawa nayo usikubali kukatwa hata shilingi bila kuona makaratasi, mwambie akuletee makadirio kwa maandishi kutoka kwa kampuni iliyo na leseni ya PCPB, ile bodi ya dawa za wadudu, ikisema ni nyumba ngapi na bei ya kila moja. Hapo utagundua moja ya mambo mawili: anapanga kupuliza floo nzima kwa dipoziti yako, ama hajapanga kupuliza kitu.

Zile 6,000 zako za dawa unaweza kudai, na ningeziweka kwa barua, ila usizikalie roho. Hukumwomba ruhusa wala hukukubaliana naye kwamba atarudisha, kwa hivyo ni dai dhaifu kuliko dipoziti. Faida yake kubwa ni kuonyesha ulijitahidi, na pia ni kitu cha kuachilia mkianza kuelewana. Kama uliyemlipa hakukupa risiti, meseji ya M-Pesa inatosha.

Siku ya kutoka sasa. Toa vitu vyote kwanza, fagia, pangusa, kisha mwite keateka mwingie pamoja huku unarekodi video bila kukatiza, anza na mlango kwa nje ili namba ya nyumba ionekane, pita kila ukuta, sinki, choo, bomba likiwa limefunguliwa, dirisha, switchi, mita ya maji na ya tokeni. Ongea ukirekodi, taja tarehe. Andikeni karatasi moja kwamba amepokea funguo, ngapi, na hali ya nyumba, aweke sahihi. Akikataa kuweka sahihi usigombane, hapo hapo tuma WhatsApp kwa landilodi: "Nimekabidhi funguo mbili kwa keateka leo saa hii, video hii hapa." Na usikae na funguo eti mpaka akulipe, nimeona watu wakifanya hivyo na inawaumiza, anahesabu bado uko ndani na renti inaendelea.

Kabla uhamishe vitu, tafadhali sana, nguo na matandiko yote yafuliwe kwa maji moto kabisa kisha uyafunge kwa mifuko mpaka nyumba mpya, joto la kuzidi nyuzi 50 linawaua na mayai yao, kuanika juani peke yake hakutoshi. Kitanda kifungue vipande, mwaga maji yanayochemka kwa kila tundu la skrubu. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula kwa hivyo usifikirie kuacha vitu stoo wiki moja kutasaidia.

Umetoka na hajalipa? Usiende polisi, watakuambia ni kesi ya madai na watakuwa sawa, polisi ni kama amekufungia nyumba ama ametishia kukupiga, juu kufungia mpangaji bila amri ya korti hakuruhusiwi. Chifu unaweza kumwendea, landilodi wengi wa ploti huwaheshimu machifu na wakiitwa wanakuja, mara ingine mnamaliza hapo kwa dakika kumi, ila chifu anapatanisha tu, hawezi kulazimisha mtu kulipa. Na kuna watu watakutuma kwa lile baraza la serikali la kodi za nyumba, wanakupotezea nauli, sheria yake inahusu nyumba za renti isiyozidi 2,500 kwa mwezi na wewe uko 12,000.

Andika barua ya madai. Isiwe ndefu na isiwe na matusi hata kama yeye amekutusi. Jina lako, nyumba namba gani, uliingia lini ukatoka lini, ulilipa dipoziti kiasi gani tarehe gani kwa njia gani, ulimwambia kuhusu kunguni tarehe gani, ulikabidhi funguo lini, unadai kiasi gani, alipe kwa namba gani ndani ya siku 14, asipolipa utaenda Mahakama ya Madai Madogo bila kumwarifu tena. Tuma kwa WhatsApp, kwa meseji ya kawaida na kwa imeili kama unayo, na kama kuna ajenti anayekusanya renti mtumie na yeye, kesi ikienda unawashtaki wote wawili mpaka mmoja aseme pesa iko kwa nani. Ajenti wa nyumba anatakiwa kuwa amesajiliwa na bodi ya maajenti, mwulize namba yake ya usajili ndani ya barua, hilo swali huwa linaamsha watu.

Hiyo korti imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Sheria yake ni ya 2016, ilianza kazi kwa korti za Milimani, Nairobi, 2021, inasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Wakili si lazima, unajisimamia mwenyewe, unaongea Kiswahili chako, na mwamuzi haing'ang'anii taratibu kali za ushahidi kama korti zingine, skrinshoti na video zinasikilizwa. Unafungua kwa mtandao wa mahakama ama unaenda Milimani wakuonyeshe. Kitu kimoja cha muhimu: liandike dai lako kama pesa yako aliyoshikilia na akakataa kurudisha, usiliandike kama ugomvi wa nyumba, kwa sababu korti hiyo haigusi mabishano ya nani akae kwa nyumba ama umiliki wa ardhi na wakili wake ataruka hapo hapo kusema umekosea mlango. Wewe ulishatoka, hutaki nyumba, unataka pesa. Ambatisha agrimenti, steitimenti ya M-Pesa ya siku ulilipa dipoziti, meseji za kunguni kwa mpangilio wa tarehe, nakala ya afya ya umma, maneno ya jirani, video na barua ya madai. Yeye anaweza kuleta dai lake dhidi yako hapo hapo, atasema rangi, atasema mlango, ndiyo sababu ile video ya siku ya kutoka haipaswi kukosa.

Na usiharakishwe na mtu akikuambia umechelewa, dai la mkataba lina miaka sita, ila mashahidi wanahama na simu zinapotea kwa hivyo mimi ningefungua mara tu zile siku 14 zikiisha.

Mara nyingi haifiki hukumu. Akishapelekewa karatasi za korti atakupigia simu, pengine usiku, atakuambia wewe ni kama binti yake mbona umefika huko, ama atatuma 6,000 kwa M-Pesa na meseji "tumemalizana." Pokea hiyo pesa, hakuna ubaya, lakini mjibu dakika hiyo hiyo: "Asante, nimepokea 6,000. Imebaki 8,000 ya dipoziti na maji, kesi inaendelea mpaka ikamilike." Na akitaka kweli kumaliza nje, mwambie aweke kiasi na tarehe kwa maandishi, nyote msaini, karatasi hiyo iwekwe kwa faili ya korti kwanza ndiyo ufunge kesi, usiifunge kwa ahadi ya simu.

Nitumie picha ya ukurasa wa agrimenti unaozungumzia rangi, funika majina, nikuangalilie kama inakufunga ama la.